Modeli Haijui Gucha

Mkulima wa Nyamira aliyechuma pareto miaka ya 1980 alikuwa anavuna sumu ya mbu, hata kama yeye aliona karo ya shule tu. Maua yalianikwa juani, yakapimwa kwa kilo, yakapelekwa Nakuru kukamuliwa, na dawa iliyotoka humo ikauzwa ulimwengu mzima. Kenya ndiyo iliyoongoza duniani kwa pareto wakati huo. Wanakemia nao wakajifunza kuiga kiini cha ua lile maabarani, wakapata kundi la dawa linaloitwa piritroidi, na hizo ndizo zilizotiwa kwenye neti ambazo akina mama hupewa kliniki ya wajawazito. Halafu, mwaka 2000, watafiti wakaripoti kwamba mbu wa magharibi mwa Kenya ameota usugu. Alichobadilisha ni kidogo mno. Katika protini moja ya neva zake, yenye asidi amino zaidi ya 2,000, ile ya nafasi ya 1014 ilikuwa lusini, sasa ni serini. Basi. Nafasi moja katika elfu mbili, na sumu yenye asili katika maua ya aina tuliyolima sisi ikaanza kupungua makali.

Kuna fani inayouliza swali la aina hiyo kabla jambo halijatokea: asidi amino hii ikibadilika, protini itafanya nini? Itaharibika? Itaendelea kama kawaida? Itapata tabia mpya? Fani hiyo siku hizi inategemea sana ujifunzaji wa mashine, tawi la akili mnemba, na nataka uingie humo. Wewe uliye mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Kisii, unasoma biolojia na kila likizo unaulizwa nyumbani utaajiriwa wapi. Wewe unayesoma kompyuta na umechoka kuambiwa utafute kazi ya kurekebisha printa. Wewe wa kidato cha nne kule Nyansiongo unayeipenda kemia, lakini umeshaonywa kwamba kemia haina mkate. Wewe muuguzi unayeona kila msimu wa mvua ukija na homa zake, na una maswali ambayo hakuna mkubwa wako aliyewahi kuyajibu.

Usiseme hii ni kazi ya Wazungu wa London na Boston. Soma kwanza, kisha useme.

Protini ni uzi wa asidi amino zilizopangwa kwa mstari, na asidi amino ziko aina 20. Kila aina imepewa herufi yake, kwa hiyo protini yoyote huandikwa kama neno moja refu. Sasa, nikikuandikia "haraka haraka haina" nikaacha pengo, hutajaza "sufuria". Umeisikia lugha tangu utotoni, unajua ni neno gani linakaa pale. Modeli za protini hufunzwa hivyo hivyo. Hulishwa mamilioni ya protini za viumbe vya kila namna, kuanzia bakteria hadi tembo. Herufi moja hufichwa, modeli hukisia, hukosea, husahihishwa, hukisia tena. Hakuna anayekaa kuifundisha kemia. Baada ya kurudia hivyo mara nyingi kupita hesabu, huanza kujua ni herufi gani inakubalika mahali gani na ni ipi maumbile yamekuwa yakiikataa. Ukitaka kupima badiliko, unaiuliza maswali mawili: katika nafasi hii, ile herufi ya asili unaipa uwezekano gani, na hii mpya unaipa gani? Tofauti ya majibu hayo ndiyo alama ya badiliko. Ikishuka sana, modeli inakuambia protini itaumia.

Dunia imelitilia jambo hili maanani. Mwaka 2022 hifadhi ya AlphaFold ilifikisha maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 yaliyokadiriwa na kompyuta, na kila mtu anaruhusiwa kuyachukua bure. Mwaka 2023 kikaja chombo kiitwacho AlphaMissense, kilichopitia mabadiliko milioni 71 yanayowezekana katika protini za binadamu na kutoa uamuzi kwa asilimia 89 yake: hili huenda lina madhara, hili huenda halina. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya AlphaFold, pamoja na David Baker anayebuni protini mpya. Sifa zao wamezipata. Tuzungumze yetu.

Chukua simu yako. Fungua hifadhi ya UniProt, haina malipo, kisha andika P68871. Utaletewa mnyororo wa beta wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu yako muda huu unaposoma. Unaanza hivi: M, V, H, L, T, P, E, E, K. Ile M ya mwanzo hukatwa mwilini, ndiyo sababu vitabu vya zamani huanza kuhesabu kwenye V. Hesabu nawe: V, H, L, T, P, na ya sita ni E, yaani asidi ya glutamiki. Ifute, uweke V, valini.

Umeshaandika selimundu.

Mtoto anayelia mifupa usiku wa manane, mzazi anayehangaika kutafuta damu ya kuongezwa, bodaboda inayokimbizwa kutoka Ogembo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kisii: chanzo ni herufi hiyo moja, mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama. Vernon Ingram ndiye aliyeionyesha, Cambridge, mwaka 1957. Lakini kabla yake alikuwapo Anthony Allison, kijana aliyekulia hapa Kenya, ambaye mwaka 1949 alizunguka nchini akipima damu za watu wa jamii mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, wenye kubeba jeni ya selimundu walipita asilimia 20 katika baadhi ya jamii, ilhali nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia moja. Akakisia kwamba malaria ndiyo siri, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi: aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Sisi tunaishi kwenye mteremko ule ule unaotoka nyanda za juu kushuka ziwani. Ukitoka Keroka ukateremka hadi Homa Bay kwa matatu, unapita katikati ya ugunduzi wa Allison na kondakta hajui.

Hapo ndipo ninapokutaka uwe macho. Ipe modeli badiliko hilo la E kuwa V, itakupa namba moja. Je, namba hiyo inasema nini? Himoglobini ya selimundu hukunjika vizuri, hubeba oksijeni vizuri. Ubaya unaanza pale molekuli zake nyingi, zikishaachia oksijeni, zinaposhikana na kuunda nyuzi ngumu zinazoipinda chembe nyekundu. Modeli inayosoma protini moja peke yake haizioni zikishikana. Tena namba ile haiwezi kukuambia kwamba herufi hiyo hiyo iliyomuumiza mtoto mmoja imemwokoa binamu yake kule Migori asife kwa malaria. Usinikubalie kwa maneno matupu. Tafuta alama ambayo modeli mbalimbali zinalipa badiliko hili, uilinganishe na mabadiliko mengine ya himoglobini yaliyoandikwa vitabuni, uone zinapokubaliana na zinapotengana. Ukifanya zoezi hilo kwa dhati, utakuwa umefanya utafiti wako wa kwanza.

Rudi kwa mbu wetu. Sehemu ile ya protini ilipo nafasi ya 1014 imebaki vilevile kwa wadudu wengi. Kitu ambacho maumbile hayajakigusa kwa muda mrefu, modeli huelekea kusema: kukigusa ni hasara. Na pengine ni hasara kweli, kwa mbu anayeishi porini. Kwa mbu anayeingia chumba chenye neti yenye dawa, hasara hiyo ndiyo uhai wake. Modeli imesoma historia ya viumbe vyote, lakini haijui neti. Haijui ni mwaka gani zilianza kugawiwa, nani hulala ndani yake na nani hufunikia vifaranga.

Wala haijui Gucha. Mwaka 1998 Kenya iliachana na klorokwini, ikachukua dawa ya SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Mwaka uliofuata mlipuko wa malaria ukapiga wilaya ya Gucha, kliniki za kuhamahama zikaingia vijijini, na mwaka 2002 nyanda zetu zikapigwa tena. Wakati huo wote kimelea cha malaria kilikuwa kinajipanga. Katika protini iitwayo DHFR, ambayo sehemu moja ya dawa hiyo huilenga, nafasi ya 108 ilibadilika, na ya 59, na ya 51. Kila badiliko liliongeza usugu juu ya lililotangulia. Ilipofika 2004 serikali ilitangaza kuhamia artemetha-lumefantrini, na mwaka 2006 dawa mpya ikafika zahanati. Hesabu mwenyewe: SP ilidumu miaka mingapi ikiwa tiba ya kwanza?

Sasa zamu ni ya dawa hii tunayoitegemea. Protini ya kimelea ya kuangaliwa inaitwa K13, ina asidi amino 726. Mwaka 2020 ilitoka taarifa ya Rwanda kwamba nafasi ya 561 imebadilika katika baadhi ya vimelea, na baadaye badiliko hilo likaonekana Kagera, Tanzania. Mwaka 2021 ikatoka ya kaskazini mwa Uganda, nafasi za 469 na 675. Angalia ramani, utaona ni nani jirani wa nani. Vimelea havisimami mpakani Busia kugongewa muhuri.

K13 ikilegea kidogo, kimelea hula himoglobini kwa kasi ndogo, na dawa za jamii ya artemisinini, kama artemetha, ambazo huamshwa na mabaki ya mlo huo, hukosa cha kuziamsha kikamilifu. Kwa hiyo badiliko linaloidhoofisha protini kidogo ndilo linalokifaa kimelea. Likidhoofisha sana, kimelea kinakufa. Lisipodhoofisha kabisa, dawa inafanya kazi. Usugu unakaa hapo katikati. Kila nafasi kati ya 726 inaweza kupokea mojawapo ya asidi amino 19 nyingine, jumla mabadiliko 13,794. Hakuna maabara ya kaunti itakayoyapima yote kwenye vimelea hai. Modeli inayapitia yote ukiwa unakunywa chai ya Kebirigo. Ila kuamua ni alama zipi zinaangukia pale katikati, na ni zipi za kupelekwa maabara kwanza, kunahitaji mtu anayejua dawa gani inatumika, wapi, tangu lini, na mgonjwa hupona siku ya ngapi.

Mtu huyo ni wewe. Anayekaa California ana kompyuta kubwa kuliko yako, lakini hana msimu wa mvua wa Nyamache, wala hajui kwamba mgonjwa wa Borabu huenda alitoka kutembelea jamaa Rongo wiki mbili zilizopita. Maarifa ya mahali ni data. Siku moja yataandikwa na mtu. Nisingependa ayaandike mgeni huku wewe ukimbebea kisanduku cha sampuli.

Utaniambia huna kompyuta ya maana. ESM-2, mojawapo ya modeli zinazotumiwa sana katika kazi hii, imetolewa kwa ukubwa tofauti, na ile ndogo kabisa ina vigezo milioni 8. Inakwenda hata kwenye kompyuta ya kawaida ya mitumba. Zile kubwa zaidi unazifungua kwenye Google Colab, ndani ya kivinjari, ukitumia mitambo ya watu bila kulipa. Bando ni tatizo, nakubali. Lakini mtandao wa chuo upo, na wewe unajua jinsi watu wanavyokesha nao wakitazama mpira.

Utaniambia hesabu zinakushinda. Unahitaji uwezekano, logariti na matriki, ambazo umeshazifanyia mtihani, na lugha ya Python, ambayo mwanafunzi mwenye bidii huizoea kwa muhula mmoja. Kama umesoma biolojia tu, mtafute wa kompyuta. Kama umesoma kompyuta tu, mtafute wa biolojia. Ninavyoona mimi, hasara kubwa ya vyuo vyetu ni kwamba watu hawa wawili hula mandazi kwenye meza moja kwa miaka minne na hawajawahi kuulizana kazi zao.

Data pia si kisingizio. Mkusanyo uitwao ProteinGym umeweka pamoja majaribio zaidi ya 200 ambapo maabara zilibadilisha protini herufi kwa herufi na kupima kilichotokea. Unaruhusiwa kuuchukua, ukaipima modeli yako dhidi ya ukweli wa maabara. Hapo hutabishana na mtu kwa vyeo. Modeli yako itafaulu au itafeli, na namba zitaonekana.

Kama unataka mfano wa Afrika, mwaka 2014 kule Tunis, Karim Beguir na Zohra Slim walianzisha InstaDeep wakiwa na kompyuta mbili na dola 2,000. Wakati wa korona kampuni yao, ikishirikiana na BioNTech ya Ujerumani, ilitumia modeli za aina hii hii kutambua mapema aina hatari za kirusi kwa kusoma mabadiliko ya protini yake. Mwaka 2023 BioNTech ikainunua. Karibu nasi zaidi, Deep Learning Indaba, mkutano mkubwa wa Waafrika wa fani hii, ulifanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2019. Kuna mtandao wa mafunzo ya bayoinfomatiki wa Afrika Mashariki ulioongozwa na icipe ya Nairobi, uliowafunza wanafunzi wa uzamili pamoja na vyuo kama Pwani. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iko Kisumu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kisii, na Hospitali ya Kisii yenyewe imekuwa miongoni mwa vituo ambako KEMRI na washirika wake walikusanya vimelea vya kuchunguza usugu wa dawa. Huanzi jangwani.

Na kazi ni nyingi kuliko watu. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa H3Africa walisoma jenomu za Waafrika 426 wa jamii 50, wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni tatu ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Watu 426 tu! Mengi ya mabadiliko hayo hayana mtu aliyeeleza maana yake. Mzazi wa Kiafrika akimpima mtoto wake jeni, ana nafasi kubwa kuliko mzazi wa Ulaya ya kurudishiwa karatasi inayosema badiliko limeonekana lakini maana yake haijulikani. Pengo hilo halitazibwa na huruma ya mtu.

Neno la ukali kidogo, kwa sababu hamasa isiyo na adabu huua. Alama ya modeli si cheti cha ugonjwa. Usimwendee mgonjwa na namba kutoka Colab ukamwambia jeni yake ni mbovu. Usichukue sampuli wala rekodi ya mtu bila idhini ya mwenyewe na ya kamati ya maadili; Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, na heshima ilikuwapo kabla ya sheria. Modeli inapendekeza, maabara inathibitisha, daktari anaamua. Anayeruka ngazi hizi anawaharibia wenzake wote watakaokuja nyuma.

Walimu, nanyi hamjaachwa. Mstari ule wa V, H, L, T, P, E unaandikika ubaoni kwa chaki, na darasa la kidato cha tatu likaelewa selimundu kwa kipindi kimoja bila umeme. Wahadhiri, toeni mada za mradi wa mwisho zinazowalazimisha wanafunzi wa idara mbili kufanya kazi pamoja, mseme wazi kwamba asiyepata mwenzake hapiti. Viongozi wa kaunti za Kisii na Nyamira, mnapogawa basari, mjue kwamba gharama ya kumwezesha kijana kuwa na kompyuta na intaneti kwa mwaka huenda ni ndogo kuliko ya hema na viti vya mkutano mmoja wa kisiasa. Wazazi, akikuambia anakesha na protini, mwekee chakula, usimzimie taa.

Na wewe msomaji, muhula ukifunguliwa tafuta wenzako wawili, mmoja wa biolojia na mmoja wa kompyuta. Chukueni K13 yote, mabadiliko 13,794. Yapeni alama kwa modeli mbili tofauti. Tazameni 469, 561 na 675 zimeangukia wapi, kisha orodhesheni mabadiliko mengine yaliyoangukia karibu nazo na ambayo hayajaonekana bado. Andikeni kurasa nne, mkiwa na mashaka yenu yote ndani yake, mzipeleke kwa mtafiti wa malaria Kisumu mkamwombe awakosoe.